Folda ya ripoti iliyokuwa wazi: nilivyoirudishia nenosiri kwenye Apache

Chama kimoja cha akiba na mikopo ninachokihudumia kilihamia seva mpya, Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux) yenye Apache 2.4, programu inayotoa kurasa za wavuti. Kwenye seva ya zamani folda ya ripoti ilikuwa inadai jina na nenosiri, hivyo mafaili yote yalihamishwa yalivyo, .htaccess (masharti ya folda) na .htpasswd (majina na manenosiri) yakiwemo. Jioni katibu akanipigia: "Fundi, ripoti zinafunguka hata kwenye simu ya mwanangu. Haulizwi mtu kitu."

Kabla ya kutafuta chochote niliziondoa ripoti zenyewe, nikabakiza ukurasa mtupu wa kujaribia. Majaribio nilifanya kwa curl -I, amri inayoonyesha jibu la seva tu, si kwa brauza, kwa sababu brauza ikishapewa nenosiri hulikumbuka mpaka uifunge, na unaweza kuzunguka nayo saa nzima bila kujua kama unapita kwa haki au kwa mazoea. Jibu lililotakiwa ni 401, yaani jitambulishe kwanza. Likaja 200, yaani pita.

Nikafungua .htaccess nikaandika juu kabisa neno moja: samaki. Apache haina amri ya namna hiyo. Ingekuwa inalisoma faili hilo, ingegoma palepale kwa 500, yaani hitilafu ya seva. Ukurasa ukafunguka vilevile. Basi halisomwi kabisa. Ndani ya /etc/apache2/apache2.conf, kwenye sehemu ya /var/www/, paliandikwa AllowOverride None. Tangu toleo 2.3.9 hiyo ndiyo hali ya kawaida ya Apache, na mbaya zaidi hailalamiki popote: .htaccess linapuuzwa kimya kimya. Nikaweka AllowOverride AuthConfig, inayoruhusu .htaccess kuweka masharti ya nenosiri, nikapima usanidi kwa apachectl configtest, nikaipakia Apache upya. Samaki akaleta 500 yake. Nilifurahi kuiona. Nikamfuta.

Sasa kidirisha cha jina na nenosiri kikatokea, lakini ukijaza sawasawa unapata 500 nyingine. Hapa wengi huanza kubadilisha nenosiri, kazi ya bure, kwa maana nenosiri likikosewa jibu ni 401 tena, si 500. Logi ya /var/log/apache2/error.log ilikuwa wazi kabisa:

(13)Permission denied: AH01620: Could not open password file

Namba ile ya mwanzo ndiyo ya kuangalia. Ingekuwa (2), njia iliyoandikwa kwenye AuthUserFile, mstari unaotaja faili la manenosiri lilipo, ingekuwa haipo. Hutokea sana mtu akiandika njia fupi akidhani inahesabiwa kutoka kwenye folda yake, kumbe Apache huihesabu kutoka ServerRoot, folda kuu ya usanidi wake. Hii (13) inasema faili lipo, ila Apache haina ruhusa. Lakini faili lenyewe lilikuwa linasomeka na kila mtu! Amri ya namei -l ilinionyesha njia nzima, folda baada ya folda, na mlango uliofungwa ulikuwa juu zaidi: faili la manenosiri liliwekwa ndani ya /home, na tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huja na ruhusa 750 (asiye mwenyewe wala wa kundi lake haingii), kwa hiyo www-data, mtumiaji anayeendesha Apache, havuki. Kulegeza ruhusa za /home sikutaka. Nililihamishia faili /etc/apache2/nywila/, likawa mali ya root na kundi la www-data, ruhusa 640.

Wajumbe wakaanza kuingia, isipokuwa mhazini. "Fundi, nimeandika kama ulivyonipa, herufi kwa herufi." Logi ikasema AH01618, user Mhazini not found. Mama wa watu aliandika jina lake kwa herufi kubwa, kama inavyostahili jina, ila kwa Apache Mhazini na mhazini ni watu wawili. Ingekuwa nenosiri ndilo limekosewa, ingesoma AH01617. Nikamwongeza na huyo wa herufi kubwa, kwa htpasswd -B bila -c, kwani -c huunda faili upya na kuwafagia wote waliokuwemo.

Ripoti sikuzirudisha mpaka cheti cha HTTPS kilipokaa. Nenosiri la aina hii halifichwi njiani, linageuzwa tu kuwa base64, na yeyote anayenasa mawasiliano hulirudisha kwa amri moja.

Mwishowe mistari minne ya nenosiri iliyokuwa kwenye .htaccess, AuthType, AuthName, AuthUserFile na Require valid-user, niliiingiza kwenye usanidi mkuu ndani ya Directory, nikafuta .htaccess na kurudisha AllowOverride None. Waandishi wa Apache wenyewe wanashauri hivyo kwa mwenye seva yake. Ukihamisha, angalia pasiwe na Require all granted pembeni, maana Require zikikaa pamoja, moja ikikubali inatosha, na folda inabaki wazi tena.

Mjumbe akitoka kwenye kamati namwondoa kwa htpasswd -D. Apache haihitaji hata kupakiwa upya.