Siku namba zetu zote zilipotoa 5

Juzi usiku yule wa mwisho alikuwa mezani na daftari lake la hesabu, mimi nachambua mchele, mara akalisukuma daftari akaniuliza, "Mama, kwani x ni ngapi hasa?" Nikamwambia inategemea na swali. Akakasirika kweli kweli, maana jana ilikuwa 4, asubuhi 9, sasa hivi kapata mbili na nusu, sasa yeye ashike ipi? Dada yake akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliwahi kukaa kwenye darasa zima la watoto wenye swali hilo hilo moyoni na karibu wote tulinyamaza nalo.

Pangani, darasa la sita, 1993. Mwalimu aliyetuanzishia aljebra alikuwa na kanuni moja tu, namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika, ya kujumlisha inakuwa ya kutoa, ya kuzidisha inakuwa ya kugawanya, andikeni, basi. Kwa nini inabadilika hatukuambiwa, na ukivusha vibaya unaitwa mbele, fimbo ipo pale juu ya meza. Tulikuwa na mwenzetu anakaa Bweni, ng'ambo ya mto, kila asubuhi lazima avuke ndio afike shule, kaptula imelowa maji ya chumvi. Siku moja akanyoosha kidole akasema, "Mwalimu, mimi navuka kila siku na sibadiliki, hiyo namba inabadilishwa na nini?" Darasa likaangua kicheko, lakini yule hakuwa anachekesha, aliuliza kwa dhati kabisa, nilikuwa nakaa naye dawati moja nilimwona uso. Akachapwa kwa utovu wa nidhamu. Aljebra ikaendelea, tukawa tunavusha tu.

Yule mwalimu akahamishwa, akaja binti mmoja mgeni, ndio kwanza katoka chuo cha ualimu.

Hii siku ninayotaka kuisimulia alikuja kipindi cha baada ya mapumziko, joto lile la saa sita mchana pwani, mabati yanalia juu, hana kitabu mkononi wala fimbo. Tukasimama shikamoo mwalimu, marahaba kaeni. Akachana kipande cha karatasi, akatugeuzia mgongo akaandika kitu, akakikunja mara kadhaa akampa msichana wa dawati la mbele, "Kalia hii, usiifungue mpaka nikwambie." Msichana akaikalia. Halafu akasema kila mtu achague namba yake, yoyote, asimwambie hata jirani.

Nikachagua 17, sijui kwa nini 17.

"Zidisha kwa mbili." 34. "Jumlisha kumi." 44. "Gawanya kwa mbili." 22. Hapo katikati yule wa Bweni akanyoosha kidole, na mimi tumbo likanishika nikajua anachapwa tena, akauliza, "Mwalimu, lazima iwe namba nzima?" Mwalimu akasimama. Akamuuliza, wewe umechagua ngapi, akasema nusu. Darasa kimya. Mwalimu akamwangalia kama sekunde kadhaa hivi halafu akasema, "Endelea nayo hiyo hiyo, usiibadilishe." Kisha akatugeukia wote, "Sasa toa ile namba uliyoichagua mwanzo."

Nikatoa 17 kwenye 22, ikabaki 5.

Akaanza kuuliza dawati kwa dawati. Tano. Tano. Tano mwalimu. Mmoja akasema nane, akaambiwa rudia taratibu, akarudia, tano. Unawasikia watu wanapunguza sauti kadiri zamu inavyosogea, kila mmoja anamwangalia mwenzake kwamba wewe si ulichagua yako? Ikafika kwa jirani yangu. Nusu mara mbili ni moja, na kumi ni kumi na moja, nusu yake tano na nusu, toa nusu. Alisema "tano" kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kuipoteza. Mwalimu akamwambia yule msichana ainuke asome karatasi, ikawa 5, na hapo ndio kelele zikaanza, wa dirishani wanapiga mbao za dawati, mtu anasema mazingaombwe, mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia mlangoni.

Akatuacha tupige kelele tukachoka wenyewe. Halafu akachukua chaki akasema, ningetaka kuandika ubaoni namba zenu zote, lakini ubao hautoshi, kuna 17, kuna 3, kuna aliyechagua elfu, kuna nusu, kwa hiyo naandika kitu kimoja kitakachowasemea wote. Akaandika x. Chini yake 2x. Chini yake 2x + 10. Chini yake x + 5. Akasema sasa tunatoa ile mliyochagua, akaifuta x kwa kidole, kwa kidole sio kwa dasta, ikabaki 5 peke yake na alama ya vumbi la chaki pembeni.

Jirani yangu akauliza bila kunyoosha kidole, "Hata nusu yangu imo humo?"

"Imo," akasema. Na akaendelea kufundisha.

Yaliyofuata nayapita haraka. Kipindi kingine alitugeuzia mchezo, tukawa tunamtajia jibu la mwisho yeye anatuambia tulianza na ngapi, halafu akatufundisha anafanyaje. Ukichukua namba ukazidisha kwa tatu, ukajumlisha nne, ukapata 25, yeye anarudi nyuma njia ile ile, anatoa nne kwanza inabaki 21, ndio anagawanya kwa tatu, 7. Akatuambia MAGAZIJUTO mnaijua wote, mabano gawanya zidisha jumlisha toa, sasa mkitafuta x mnaitembea kinyumenyume, kilichofanywa mwisho ndicho kinafumuliwa kwanza. Hapo ndipo ile "inabadilika" ikapata maana. Namba haikuvuka popote. Tulitoa nne upande huu na nne upande ule ili pande zibaki sawa, basi. Na x ilikuwa ngapi hasa? Siku ya kwanza ilikuwa namba ya kila mtu, siku ya pili ilikuwa namba ya mtu mmoja aliyeificha, na zote ni x. Juzi nimemfanyia mwanangu hivi hivi, karatasi akaikalia dada yake, na sitadanganya kwamba ameelewa yote, ila x sasa anaiuliza kwa adabu.

Nilivyojifunza vile nilienda mbio kwa bibi, alikuwa anauza vitumbua, nikataka nimwonyeshe. Bibi akasema mimi nikupe ya kwangu. Leo nimeuza, nikalipa deni la mchele dukani shilingi 200, iliyobaki nikaigawa mafungu matatu sawasawa, kila fungu 150, haya niliuza vya shilingi ngapi? Nikashika kijiti niandike x kwenye mchanga, kabla sijamaliza bibi akasema, "Mia na hamsini mara tatu mia nne na hamsini, rudisha ya mchele, mia sita na hamsini. Wewe unaandika nini hapo?" Hajui kusoma, hajawahi kukaa darasani.

Hilo lilinisumbua miaka mingi, herufi ya kazi gani kama bibi anafika kabla yake. Baadaye sana nikasoma kwamba al-Khwarizmi, yule wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye aljebra inaanzia kwenye kitabu chake, aliandika milinganyo yake yote kwa maneno matupu kama bibi, hamna x hata moja, na sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za mirathi, nani apate fungu gani. Hii desturi ya x, y na z tumeipata kwa Descartes wa Ufaransa mwaka 1637. Kwa hiyo watu walitafuta kisichojulikana miaka mia nane bila x na walikuwa wanakipata. Lakini bibi alikuwa anapata jibu la vitumbua vya siku ile. Ile 5 ya watoto wote kwa mara moja, ya nusu na ya elfu, kwamba itakuwa 5 hata kwa mtoto ambaye hayupo darasani, hiyo nadhani isingesemeka bila herufi. Nasema nadhani.

Mwalimu yule hatukumaliza naye, darasa la saba tulifundishwa na mwingine, tukarudi kwenye kuvusha. Tukafanya mtihani 1994. Enzi hizo sekondari za kata hazijaja, nafasi zilikuwa chache mno, shule nzima inaweza kutoa watoto wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nilichaguliwa. Jirani yangu hakuchaguliwa, akaingia baharini na baba yake, na sasa hivi ana boti yake, nikienda nyumbani tunasalimiana vizuri tu na hajawahi kunilalamikia chochote. Mara ya mwisho nilimkumbusha ile nusu, akaikumbuka palepale, akaniuliza kama namba hasi nayo inatoa tano. Tukaijaribu na hasi tatu, mara mbili hasi sita, jumlisha kumi ni nne, nusu yake mbili, toa hasi tatu. Inatoa.

Sisi tuliochaguliwa mwaka ule mtaani walituita wenye akili, na maswali yote mawili, la kuvuka na la nusu, aliyauliza yeye.