Katoto, dimbwi la tope na mbwa mwenye duara jichoni

Juzi nilikaa na mpwa wangu wa miaka sita tukaangalia filamu fupi ya mwaka 1930, nyeusi na nyeupe, sauti inakwaruza kama kuna mtu anakaanga kitu nyuma ya pazia, na huyo mtoto Kiingereza hajui hata kidogo, nikajua kabisa dakika mbili nyingi, atanipokonya simu aweke katuni zake. Hakunipokonya. Kuna sehemu kuna katoto ka kike kamevalishwa gauni safi, kamependeza kweli, kanafika kwenye dimbwi la tope, kanalitazama, afu kanajitupa humo mzima mzima. Ukidhani yameisha kanarudi tena. Na tena. Mpwa wangu alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi, ila kilichonigusa mimi ni kwamba hakucheka wakati wa kuanguka, alianza kucheka kabla, pale katoto kanapolitazama tu lile tope, kwa sababu ule mtazamo anaujua, yeye mwenyewe anao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nazirudia hizi filamu usiku, moja baada ya nyingine, na ndo nimeona niandike, maana nahisi watu wengi wakisikia vichekesho vya zamani vya kuangushana na kupigana mapai usoni wanadhani utamu wake uko kwenye kule kuanguka. Kwenye filamu za wakubwa sawa, mchekeshaji wa filamu bubu kama Buster Keaton anaanguka kwa hesabu kali na we unashangaa ufundi. Lakini wakiwepo watoto na wanyama utamu unahamia sekunde moja nyuma, pale mtoto anapofikiria, pale mbwa anapogeuza kichwa. Hicho kitu huwezi kukiandika kwenye skripti, unaweza tu kukaa na kamera ukakisubiri.

Filamu tuliyoangalia inaitwa Pups Is Pups, ni ya lile kundi la watoto waigizaji la Our Gang, yaani genge letu, la mtengenezaji filamu Hal Roach, ambalo baadaye lilipofika kwenye televisheni kuanzia 1955 likajulikana zaidi kwa jina la The Little Rascals. Humo ndani kuna mvulana mdogo, Wheezer, ana vijibwa vyake amevifundisha kuja kila vikisikia kengele, sasa mjini kengele ziko kila mahali, kwa hiyo vijibwa vinapotea kwa kuifuata kila kengele inayolia, na huku wenzake wamepeleka wanyama wao kwenye maonyesho ya matajiri na pale ndo vurugu inaanza. Mwaka 2004 filamu hii iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa huko Marekani, na mi nasema walichelewa.

Jinsi kundi lenyewe lilivyoanza ni hadithi Roach mwenyewe alipenda kuisimulia. Mwaka 1921 yuko ofisini kwake kwenye studio pale Culver City, California, wamemletea katoto ka kike kufanyiwa usaili, kamepakwa mekapu nzito, kamekaririshwa kuimba na kucheza kama mtu mzima, akachoka kabisa. Walipotoka akaangalia dirishani, ng'ambo ya barabara kuna yadi ya mbao, watoto wamejiokotea vipande vya mbao na sasa wanabishana nani achukue kipi, mdogo kuliko wote kashika kipande kikubwa kuliko vyote na yule mkubwa naye anakitaka. Roach akajikuta amesimama pale robo saa nzima anaangalia ugomvi wa mbao. Akajiuliza, kama mimi nimeshindwa kuondoka dirishani, wengine watashindwaje? Mwaka uliofuata, 1922, filamu za kwanza zikatoka, na kundi likaendelea mpaka 1944, jumla filamu fupi 220. Miaka ishirini na mbili, watoto wakikua wanatoka wanaingia wengine.

Sasa linganisha na Baby Peggy, katoto ka kike kaigizaji ambako alianza karibu wakati huohuo. Huyu alikuwa na miezi kumi na tisa tu mama yake alipompeleka kutembelea studio za Century, na dairekta akampenda kwa sababu alikaa kimya pale alipowekwa akafuata kila alichoambiwa. Akawekwa kucheza na mbwa maarufu wa pale, Brownie, na ndani ya miaka michache alikuwa ametengeneza filamu fupi kama 150 hivi. Nyingi zimepotea, hazipo tena. Hela alizoingiza zilikuwa nyingi mno na zote zikaisha mikononi mwa wakubwa, na alipokuwa mtu mzima akajiita Diana Serra Cary akawa mwandishi na mtetezi wa watoto waigizaji mpaka alipofariki 2020 akiwa na miaka 101. Nikimwangalia kwenye zile chache zilizobaki nacheka kweli, ana uso wa ajabu, halafu katikati ya kicheko nakumbuka kwamba alichaguliwa kwa sababu ya utii, na kicheko kinakatika. Wale wa Roach walichaguliwa kwa sababu walikuwa kama wale wa yadi ya mbao. Nao walikuwa kazini vilevile, tusijidanganye, lakini tofauti inaonekana usoni.

Dairekta aliyeifanya hiyo tofauti ni Robert McGowan, na huyu kwangu ndo shujaa wa stori nzima ingawa jina lake halitajwi sana. Fikiria una watoto wengine wana miaka mitatu minne, kusoma hawajui, skripti utampa nani? McGowan alikuwa anawaeleza tukio kama mchezo, afu kwa kuwa filamu zilikuwa bubu aliweza kuongea nao huku kamera inazunguka, sasa mtazame mbwa, sasa shtuka, sasa kimbia. Ndo maana kwenye zile za mwanzo unaona watoto wanasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii. Na mpiga picha alikuwa anazungusha kamera kwa mkono, akizungusha taratibu picha zinazoingia kwa sekunde zinakuwa chache, ikija kuonyeshwa kwa mwendo wa kawaida kila mtu anakimbia kama kafukuzwa na nyuki. Mtoto wa miaka minne mwenye miguu mifupi akikimbia hivo, jamani, hakuna kitu kinachekesha kama hicho duniani.

Afu 1929 sauti ikaja ikavuruga kila kitu. Dairekta lazima anyamaze kamera ikiwaka, watoto lazima wakariri maneno ambayo hawawezi kuyasoma, wanasomewa na mtu mzima mpaka yaingie. Sauti ikarekodiwa pamoja na picha na mwendo ukawa mmoja, picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo ule ujanja wa kuharakisha ukawa mgumu kwenye sehemu za maongezi. Filamu zao za kwanza za sauti unazisikia zimepooza, mtoto anasema mstari wake, anasubiri, mwenzake naye anasema wake. Walihitaji kama mwaka mzima kurudi kwenye hali yao, na waliowarudisha ni watoto wapya akina Jackie Cooper na Stymie. Huyo Stymie, Matthew Beard, kipara na kofia ngumu ya duara kubwa kuliko kichwa chake, kofia aliyopewa na mchekeshaji Stan Laurel, ndo mtoto ninayempenda kuliko wote. Wenzake wanapiga kelele, yeye anaongea polepole kama mzee anayetafakari bei ya ng'ombe. McGowan mwenyewe kazi ilimchosha, mwaka 1933 akaacha.

Na hapa lazima niseme la watoto weusi kwa sababu huwezi kuliruka. Ernie Morrison, Sunshine Sammy, alisaini mkataba wa muda mrefu na Roach mwaka 1919, mtoto wa kwanza mweusi kupata mkataba wa namna hiyo Hollywood, na Farina, yaani Allen Hoskins, alitokea kwenye filamu 105 za hili kundi, zaidi ya mtoto mwingine yeyote. Kwenye majimbo mengi ya Marekani wakati huo sheria ilikataza watoto hao kukaa darasa moja na weupe, huku kwenye filamu wanakaa darasa moja, wanajenga gari moja, wanachapwa pamoja, bila mtu yeyote kulieleza. Hilo ni kubwa. Na humohumo kuna matani ya rangi yanayouma, ya mzaha juu ya ngozi, eti weusi wanapenda mno tikiti maji, mtoto mweusi kuogopa mizimu mpaka anabadilika rangi, na mpwa wangu akiwa pembeni hizo sehemu nazisogeza mbele. Sioni sababu ya kuficha lolote kati ya hayo mawili.

Haya, wanyama sasa, maana ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mbwa wa kundi, Pete, yule mwenye duara jeusi kuzunguka jicho. Wa kwanza jina lake halisi ni Pal, alikuwa na duara la kuzaliwa ambalo lilikosa kufunga kidogo tu, wakalimalizia kwa rangi. Pal alikufa 1930, mwenye kumfundisha, Harry Lucenay, akamleta mtoto wa Pal, Peter, na huyu duara lake likachorwa lote, ila upande mwingine! Pal ni jicho la kulia, Peter ni la kushoto, kwa hiyo ukiwa na macho makini unaweza kukadiria filamu ni ya miaka gani kwa kumwangalia mbwa tu. Mi nilikuwa sijui, nimeziangalia miaka yote nikijua ni mbwa mmoja.

Kinachonifurahisha kwa Pete ni kwamba hawakumgeuza mtu. Anakaa, anahema, anajikuna, anawatazama watoto kama mnyama mwenye akili zake. Kuna na nyumbu pia, Dinah, namaanisha yule mtoto wa punda na farasi sio wa mbugani, anavuta vile vigari vya mbao walivyounganisha wenyewe, na akiamua kusimama anasimama kweli. Kwenye studio ya MGM kati ya 1929 na 1931 walitengeneza mfululizo mwingine wa mbwa watupu, wamevalishwa suti na magauni, wanasimamishwa kwa miguu miwili, wamewekewa sauti za watu. Nilijaribu mbili nikashindwa kumaliza ya pili. Mbwa akiwa amevaa koti anaongea kama karani sioni mbwa tena, naona mnyama aliyechoka. Weka pembeni ya hiyo The Scarecrow ya 1920, ambapo mbwa Luke, wa mchekeshaji Roscoe Arbuckle, anamkimbiza Buster Keaton juu ya kuta za nyumba iliyobomoka isiyo na paa, wanazunguka wanazunguka, Luke anapanda ngazi, na muda wote ni mbwa anayemkimbiza mtu. Basi, inatosha!

Sitaki kusema miaka ile wanyama walitunzwa vizuri kwenye studio zote, hapana. Usimamizi wa maana kwenye kupiga picha ulikuja 1940, baada ya farasi kurushwa kutoka kwenye mwamba kwa ajili ya filamu ya Jesse James ya 1939 na watu wakapiga kelele. Ndo maana mimi naangalia sana mkia na masikio. Kwenye filamu nyingi za Pete mkia unacheza.

1936 filamu zao zikapunguzwa kutoka dakika ishirini kuwa kumi, na moja ya hizo fupi, Bored of Education, ikawapa Oscar. Kumi zinatosha kwa kisa, hazitoshi kwa kusubiri. 1938 Roach akaliuza kundi lote kwa MGM, wakatengeneza 52 za mwisho, na hizo kwangu ni nzito, watoto wanatoa mafunzo, wanakusanya michango, wanahubiri, nguo zimepigwa pasi. Spanky bado yupo, Alfalfa yupo na ule unywele uliosimama, Buckwheat yupo, lakini hakuna tena anayetazama dimbwi. Na zile za Roach zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, kizazi baada ya kizazi, waliokuwa watoto humo ndani hawakupata senti ya marudio, mikataba yao haikuwa na hicho kipengele. Kila nikibonyeza kuangalia hilo linanijia.

Jana mpwa wangu karudi, hajavua hata viatu anataka yule mbwa. Tukaweka moja ambayo watoto wamekaa kwenye ngazi wanapanga mpango wao mzito na Pete amekaa katikati yao. Ghafla ananiambia simamisha. Nikasimamisha. Anasema, watoto wote wanamwangalia yule anayeongea, mbwa anaangalia kule pembeni, kuna nani kule? Nikamwambia kule amesimama mtu wake, hatumwoni, anamwambia kaa, labda ana kipande cha nyama mkononi. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akijaribu kuchungulia kona ya picha kama mtu anayechungulia dirishani. Afu akasema rudisha nyuma kidogo, nataka kumwona akipewa.