Krismasi tuliyokula na kijumbe

Mama yangu hakuwa mtu wa kulialia kanisani. Wenzie kwenye jumuiya wakianza kushuhudia wanatoa leso, ye akifikiwa anasema nimeamka salama Bwana asifiwe, anakaa. Kwaiyo alichokifanya Desemba 2011 watu wengi wa mtaani kwetu Kigogo, Dar, hawakukielewa, hata mimi sikukielewa, na mimi ndo nilikuwa na haki ya kuuliza maana hela iliyoliwa ilikuwa ni ya kwangu.

Iko hivi. Mama alikuwa anakaanga vitumbua barabarani na anacheza mchezo na akina mama wenzie, ule wa kuchanga hela na kupokea kwa zamu. Kijumbe wao, yule anayekusanya hela na kugawa, alikuwa mama mmoja anakaa kule bondeni karibu kabisa na mto Msimbazi, tunasali nae kanisa moja, jumuiya moja, watoto wake tumekua nao. Zamu ya mama ilikuwa iangukie Oktoba, laki nne, nami nimetoka kumaliza form four nimeshaahidiwa kozi ya kompyuta Kariakoo. Oktoba ikafika kijumbe akasema wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwisho wa mwezi, mara simu haipatikani, ukienda kwake unaambiwa katoka na viatu vyake unaviona mlangoni. Wengine walisema hela imeenda kwenye matibabu ya mumewe aliyekuwa amepooza upande mmoja, wengine wakasema alikuwa anaendesha michezo mitatu kwa mpigo anaziba huku anafukua kule. Mi mpaka leo sijui. Mama akaacha kumsalimia, wakikutana kwenye jumuiya mmoja anaangalia dirishani mwingine anatafuta tenzi kwenye kitabu hata kama wimbo umeshaisha.

Alafu ikaja ile mvua, ilianza tarehe 20, hata wiki mbili hazijaisha tangu nchi isherehekee miaka 50 ya uhuru. Watu wa hali ya hewa walisema Dar haijaona mvua ya namna ile tangu 1954. Aliyekuwepo hahitaji kuambiwa. Jangwani pote maji, barabara ya Morogoro haipitiki, wa Magomeni na wa Kariakoo wakawa wanaangaliana tu kama wako nchi mbili, na mpaka yanapungua watu zaidi ya 40 walishapoteza maisha. Sisi tulikuwa juu kwenye mwinuko, paa linavuja ila sakafu kavu.

Asubuhi nusu ya mtaa ilikuwa imesimama ukingoni inaangalia chini maji mekundu yanapita na magodoro, masufuria, milango, na mtu mmoja pembeni yangu akasema kwa sauti kabisa, yule mwizi wa mchezo leo analipa. Watu wakacheka, sio wote. Mama alikuwa ametoka na khanga kichwani, akamtazama yule mtu, akarudi ndani. Nikajua ameenda kuendelea na kazi zake kumbe ameenda kuchukua kamba ya kuanikia nguo. Akanipa, akasema, "Baba, mwite mwenzako mkamtoe yule mzee. Hawezi kutembea yule."

Nikamwambia mama, huyu si ndo amekula hela yetu? Akasema, "Nimekwambia kamtoe mzee, sijakwambia kalete hela."

Tukaenda. Sitaeleza sana, vijana wengi walishuka siku ile na walifanya makubwa kuliko sisi. Tuliwakuta juu ya ukuta wa jirani yao wa ghorofa, kijumbe, watoto wawili, na yule mzee amefungwa shuka kwenye nondo asianguke. Tulimbeba mgongoni kwa zamu, maji kifuani, mwenzangu akapoteza viatu na simu. Kijumbe aliponiona ni mimi aligeuza uso.

Nilidhani tutawapeleka shule wanakokusanywa wenzao. Mama akasema shule gani na mgonjwa huyu, waingie humu. Tulikuwa na vyumba viwili. Mzee akapewa kitanda cha mama, sisi wengine chini, umeme hamna kama kawaida ya mwaka ule wa mgao.

Usiku ule nilimsikia mama anasali, alikuwa anasali kwa kunong'ona lakini nyumba ndogo bana. Hakusali vizuri. Alisema Bwana, huyu mwanamke unamjua, mi simpendi, nikimwona napata moto hapa kifuani, umesema mkinipenda mtazishika amri zangu, haya nazishika, hayo mengine utayashughulikia mwenyewe. Alafu Amina, akalala, akakoroma. Nimesikia mahubiri mengi ya upendo baada ya hapo, wahubiri wakubwa na vipaza sauti, wengi wanaanzia kwenye moyo kujisikia. Mama yeye alianzia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Kilichowasumbua watu kanisani zaidi ni ile nguo. Krismasi iliangukia Jumapili, na kijumbe hana kitu, amebaki na gauni moja la kulalia na khanga aliyopewa. Mama alikuwa na kitenge kipya cha sare ya akina mama, amekishona kwa ajili ya siku hiyo hiyo, akakitoa kwenye begi akampa. Ye akavaa gauni lake la zamani la bluu lililopauka mabegani. Basi kanisani akina mama wote sare, katikati yao kijumbe na sare, na mama yangu mzee wa kanisa mzima amekaa na bluu yake. Minong'ono nilikuwa naisikia mpaka kwenye benchi la vijana. Ibada ilipoisha mmoja akamfata mama nje akamuuliza, kwaiyo umemsamehe lile deni? Mama akasema, "Hilo sijaambiwa bado. Nikiambiwa nitakupa taarifa." Akaondoka zake kuwahi pilau.

Na kweli deni hakulifuta. Lilikuwa kwenye daftari lake la vitumbua, laki nne, jina pembeni. Kijumbe alikaa kwetu mpaka Januari serikali ilipoanza kuhamishia watu Mabwepande, mama akaenda nae kwenye foleni ya kuandikisha jina, akamwachia sufuria mbili na jiko la mkaa, na siku anaondoka akamwambia mbele yetu, dada, ukipata hata elfu tano nitumie. Ikawa inakuja kidogo kidogo kwa simu, elfu kumi, miezi imepita, elfu tano, mama anakata kwenye daftari kwa peni nyekundu. Kozi ya kompyuta nilikuja kujilipia mwenyewe baadae kwa hela ya kubeba mizigo sokoni.

Miaka kadhaa mbele nikamuuliza mama lile deni limefikia wapi. Akasema imebaki laki moja na sitini, na mzee amefariki jana usiku, kesho anaenda Mabwepande msibani atalala huko siku tatu, kwaiyo nimtafutie nauli na nimuulizie magari ya Bunju asubuhi yanaanza saa ngapi.