Diski ilikuwa na nafasi

Jana mwanangu alisimama nyuma yangu nikiandika uptime kwenye terminali, amri inayoonyesha seva imewaka muda gani na mzigo wake. Akazisoma zile namba tatu za mwisho, akauliza, "Mama, hiyo kompyuta inakujibu ukweli?" Nikamwambia ndiyo. Alipoondoka, usiku wa ile seva ya fomu ukanirudia.

Tangu mchana fomu za watu zilikuwa zinagoma kuhifadhiwa, na logi inarudia neno moja: diski haina nafasi. Kijana niliyekuwa naye zamu akasema, "Dada, diski imejaa." Nikaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski iliyotumika. Asilimia 41. "Imejaa wapi?" nikamuuliza, mbele ya watu. Akanyamaza. Nikaangalia kumbukumbu kwa free -m, nikapekua dmesg, ujumbe wa kiini cha mfumo, nikidhani diski inakufa, nikawasha huduma upya mara mbili. Wapi.

Saa nane usiku akaivuta kibodi taratibu. Akaandika df, nafasi, kistari, na pale nilipokuwa naweka h akaweka i. Naikumbuka ile hali ya kidole chake juu ya kitufe, hakijabonyeza, kama anayesubiri ruhusa yangu. Akabonyeza. Inodi 2621440. Zilizotumika 2621440. Zilizobaki 0.

Kila faili, hata liwe na herufi tatu tu, linachukua inodi yake, yaani kiingizo kinachoshika taarifa za faili hilo, na kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, idadi ya inodi hupangwa siku diski inapofomatiwa: kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Programu yetu ilikuwa inamwekea kila mgeni kifaili cha kikao, na haifuti hata kimoja. Nafasi ilikuwepo tele, ila hapakuwa na inodi ya kulipatia faili jipya. Kufuta nako kulikuwa kazi: rm na nyota, yaani futa yote, ikakataa, orodha ndefu mno, mpaka tukatumia find na -delete. Kulipokucha fomu zikapita.

df -h haikunidanganya. Nilichouliza ndicho ilichojibu. Lakini kijana yule alikuwa amesema kweli tangu mchana, nami nikaitumia ile asilimia 41 kumnyamazisha.

Nilimshukuru asubuhi, tukiwa wawili. Radhi sikumwomba, na waliosikia nikimhoji hawakuisikia ile asante. Baadaye akahama kazi. Siku hizi naandika -h, kisha -i, kila seva, hata isiyo na tatizo.

Jana nilitafuta namba yake kwenye simu. Bado ipo. Sijapiga.