Kipanga hapigwi

Tangu utotoni Lamu nasikia wazee wakisema "kozi mandanda, kulala na njaa kupenda", kozi ni ndege kama kipanga, maana sikuijali mpaka nilipoenda Abu Dhabi kazi ya udereva nikakuta tajiri wangu ana vipanga watatu wa kuwindia, kila mmoja na pasipoti yake na hospitali yake, wallahi si mchezo, na yangu mimi kaishika yeye.

Sasa pale kulikuwa na ubishi hauishi wa namna ya kumfunza ndege, kati ya mzee mmoja mtunza ndege na kijana wa tajiri. Mzee ni wa mambo ya kale, ndege mpya anavishwa burka, ile kofia ya ngozi ya kuziba macho, halafu anakesha naye mkononi majilisi, sebule ya wageni, kahawa inapita, watoto wanapiga kelele, simu zinalia, mpaka ndege achoke kuogopa. Burka yenyewe ni huruma, zamani kuna waliokuwa wakimshona kope kwa uzi!

Kijana yeye na mzani. Kila asubuhi anampima kwa gramu, anapunguza nyama kidogo kidogo, ndege akianza kuruka mwenyewe kuifata mkononi anapiga filimbi ndo ampe, kwanza hatua moja akiwa na kamba, baadae mbali zaidi, mwisho kamba inatolewa. Mzee akamwambia huyo anapenda nyama hakupendi wewe. Kijana: na wako je?

Mi nilikuwa upande wa kijana, mpaka siku alipomlisha zaidi, ndege kashiba kapaa juu ya nguzo ya stima kamkalia huko anamtazama kama hamjui, filimbi zikalia mpaka maghribi. Kozi mandanda ndo huyo. Mzee akaja na fungu la manyoya kwenye kamba akalizungusha hewani, ndege akadhani windo, akashuka kama jiwe. Ukizidisha kumnyima nako anaisha nguvu hata kuruka hawezi, kwa hivo mzani si wa kuchekwa.

Kitu kimoja hawakubishana, hapigwi na hakodolewi macho. Ukimpiga haelewi amekosa nini, anajua tu wewe adui basi, na ukimkodolea anaona unataka kumla.

Niliporudi vijana wa Langoni wakaniambia tukamate mmoja, nikawaambia mkawaelezee KWS, wale wa wanyamapori, nyie. Mi nna punda wa baba, mkaidi, fimbo zote kala hasogei. Nikaanza kusimama karibu yake na maganda ya embe, simtazami, natazama bahari, siku ya nne kaja mwenyewe. Sa wa barazani wananiuliza burka yake iko wapi.