Jeni za Mama Sikuweza Kuzibadili, Sigara Niliweza Kuiacha

Mama yangu aliugua baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, na kila asubuhi mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya gauni kwa sababu vidole vyake vilivimba na kukakamaa. Nilikuwa mvutaji wa sigara, na jamaa waliniambia nisijisumbue kuacha, kwani ugonjwa huo umo katika damu, na ukija umekuja. Ushauri huo ulinipotezea miaka, na hadi leo unaniuma.

Daktari wake ndiye aliyenieleza kwamba hata kwa pacha wanaofanana, wenye jeni zilezile, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Moshi wa sigara huchangia kubadilisha protini ndani ya mapafu, na kwa mtu aliyerithi aina fulani za jeni ya HLA-DRB1, kinga huziona protini hizo kuwa adui kwa wepesi zaidi, ikatengeneza kingamwili zinazoweza kukaa katika damu miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijauma. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mvutaji aliyerithi aina hizo kwa baba na kwa mama alikuwa na hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili hizo, akilinganishwa na asiyevuta wala kuzirithi.

Kwanza nilijaribu kupunguza. Nilitoka sigara kumi na tano kwa siku hadi kumi, kisha tano, kisha mbili, na ile ya mwisho niliikata katikati, nusu nikaihifadhi ndani ya kiberiti hadi jioni. Mchana kutwa sikuwaza jambo jingine ila hiyo nusu. Kazi zilinipita, watoto wakinisemesha siwasikii. Siku niliyogombana na mwenzangu kazini nilinunua pakiti nzima, na kabla ya usiku kuingia ilikuwa tupu.

Mara ya pili niliacha zote kwa mpigo mmoja. Katika mfuko wa shati, palipokaa pakiti, nilitia kifungo kilichong'oka kwenye gauni la mama, na kila mkono ulipopanda wenyewe kutafuta sigara, vidole vilikutana nacho. Wiki tatu za kwanza nilikishika mara nyingi mno, hasa baada ya chakula. Daktari hakunificha kwamba hatari hupungua polepole, kwa miaka mingi. Huu ni mwaka wangu wa saba, na shati ninalovaa kila asubuhi nalifunga mwenyewe.