Sanduku la nguo na avenu mpya

Goma, Jumapili jioni

Siku za kuhama zina kosa lake la kawaida: watu huchambua nguo kabla ya kupakia. Usiku wa mwisho wanakaa kitandani, hii naenda nayo, hii nagawa, na wanachambua kwa macho ya nyumba wanayoiacha. Viatu vyepesi vilivyofaa lami ya mtaa wa Katindo vinaonekana bado vina kazi, na bota za mvua zinaonekana mzigo, basi zinagawiwa. Wiki tatu baadaye, huko Ndosho au Mugunga, mitaa mingine ya mji huu, mambo yamegeuka. Shauri langu ni kuhama na kila kitu isipokuwa matambara, kisha kuziachia ardhi, maji na pikipiki za mtaa mpya zichague kwa mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo hakuna kununua. Nguo iliyovaliwa na kufuliwa inarudi juu ya sanduku, haichomekwi katikati. Mwezi ukiisha, zilizobaki chini zimejitaja zenyewe.

Ardhi ndiyo huanza. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji, ilipita Januari 2002 uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya Mei 2021 ilikoma Buhene, mlangoni mwa mji. Lakini hata pale ambapo hakuna mlipuko unaokumbukwa, chini ya vumbi ni jiwe lile lile, jeusi, lenye matundu na makali. Kwa hiyo anza na viatu. Bonyeza soli kwa kidole gumba katikati ya unyayo: ikizama, kila jiwe utalisikia. Soli ya gundi tupu inakufa kuanzia ncha. Ncha inagonga jiwe, gundi inaachia kidogo, changarawe na maji vinaingia hapo, halafu kila hatua inasaga ndani mpaka kiatu kifungue mdomo. Mpelekee fundi viatu kabla hakijafunguka, akishone mzunguko mzima kwa uzi wa nailoni. Na usimwache ashone juu juu: mwambie achane kwanza mfereji mwembamba kwenye soli ili uzi uzame ndani. Uzi unaolala juu ya soli, jiwe linaukata upesi, na utarudi kulipa tena. Fundi asiyetaka kuchana mfereji ana haraka tu, tafuta mwingine.

Visigino vyembamba si lazima vigawiwe. Vinahamia kwenye mfuko: unatembea na basiketi (raba) hadi barabara ya lami, unabadilisha hapo. Kambambili ni za ndani ya parseli, yaani uani, basi.

Halafu vumbi. Wengi hudhani nguo nyeusi inaficha uchafu. Vumbi la hapa likilowa ni jeusi, ila likikauka ni kijivu, na suruali nyeusi hata saa nne asubuhi haijafika tayari ina unga wa kijivu hadi karibu na goti. Nyeupe nayo inashindwa kwenye kola na kwenye pindo. Zinazostahimili ni rangi ya jivu, kahawia iliyofifia, buluu ya jinsi (suruali ya jeans) iliyofuliwa mara nyingi, na kitambaa chenye maua madogo madogo. Jambo la pili kuhusu vumbi hili ni kwamba ni jiwe lililosagika, kwa hiyo linakata nyuzi. Nguo ikung'utwe na kupigwa brashi ikiwa kavu, kabla haijagusa maji. Ukilowesha kwanza unapata tope laini, na ukisugua unakuwa unasaga kitambaa kwa mchanga. Ndiyo sababu pindo za suruali hukatika mapema kuliko magoti. Juni hadi Agosti, mvua zikikauka, hili ni kazi ya kila jioni.

Maji yanastahili muda zaidi, maana watu wengi hulaumu sabuni kwa kosa ambalo si lake. Anayekaa karibu na ziwa anafulia maji ya Kivu, yawe ya bomba au ya bidoni (dumu la lita 20) iliyoletwa kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Maji hayo yana madini ya magnezi nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana na magnezi hiyo inagandana nayo na kuwa utando, ule mweupe-kijivu unaoelea juu ya beseni. Utando huo hauishii kwenye beseni. Unaingia kwenye nyuzi. Shati jeupe linakuwa la kijivu hata kama hulivai, taulo inakuwa ngumu, nguo nyeusi inapata madoa kama ya chaki. Mtu anaongeza sabuni, utando unaongezeka. Dawa yake ni kupunguza sabuni ya kipande na kutumia ya unga, ambayo haigandani hivyo, au kuacha kipande kwa kola na kwapa peke yake. Suuza mara mbili, na maji ya mwisho yawe na nusu kikombe cha siki nyeupe kwa beseni ya lita 15. Siki inayeyusha ule utando na harufu yake huisha nguo ikikauka. Sharti ni moja: siki na javeli (dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe) zisikutane kamwe katika beseni moja, maana hewa inayotoka hapo ni sumu.

Anayehamia juu, mbali na ziwa, mara nyingi atafulia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Haya hayana magnezi, sabuni inatoa povu upesi, na mtu aliyezoea maji ya ziwa ataweka sabuni nyingi mno halafu amalize maji yote kwa kusuuza. Weka nusu ya kipimo ulichozoea. Shida yake iko kwingine. Moshi wa Nyiragongo unafanya mvua iwe na asidi, hasa upande wa Rusayo na Sake ambako upepo huupeleka, na asidi inakula bati. Mvua ya kwanza baada ya siku za ukavu inashusha majivu na kutu pamoja. Iache ipite, kinga inayofuata. Doa la kutu likishaingia, usilipake javeli: litakaa moja kwa moja. Kamulia limau, nyunyiza chumvi, anika juani, lowesha tena kwa limau likikauka, kisha suuza. Nguo ya rangi ijaribu kwanza upande wa ndani wa mshono, kwa kuwa limau na jua huweza kuichujua.

Maji hayo hayo ndiyo yanayoamua idadi. Nimeona orodha nyingi za "nguo zinazotosha mtu mmoja" zikitaja namba moja kwa watu wote, kana kwamba sote tuna bomba ndani. Hesabu ya hapa ni nyepesi: siku kati ya kufua na kufua, ongeza mbili kwa ajili ya mvua isiyoruhusu kuanika. Anayefua kila Jumamosi anahitaji nguo za juu tisa za kawaida. Suruali na sketi ni nusu ya hapo, kwa sababu zinavaliwa mara mbili. Beseni moja ya nguo hula maji matatu, la kufulia na mawili ya kusuuza, jumla lita 45 hivi, ambazo ni bidoni mbili na robo. Jinsi nzito inakunywa peke yake kama nusu ya beseni, na msimu wa mvua inachukua siku mbili kukauka kabisa. Ikikunjwa ikiwa na unyevu kiunoni, inanuka. Kwa hiyo jinsi mbili zinatosha. Tano ni za mtu mwenye mashine.

Kuanika kuwe kwenye kamba. Ukuta wa mawe ya lava unavutia kwa sababu unashika joto, lakini yale makali yanachomoa nyuzi, na sweta ikinaswa mara moja imekwisha. Geuza nguo ndani nje pia. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na jua la mchana linachujua rangi mapema.

Kuhusu pikipiki sina mengi. Kwa pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, basi panda na shuka kushoto. Nguo ya nailoni au poliesta ikigusa bomba inayeyuka na kushikamana na ngozi; pamba inaungua lakini haishikamani. Sketi nyembamba ya libaya, lile vazi la kitenge la blauzi na sketi, haipandi pikipiki kwa heshima. Fundi aifungue nyuma sentimita 20 na kuweka kipande cha ndani, au ibaki ya siku za gari. Kitambaa chochote kinachoning'inia, hasa kitenge cha kujitanda na skafu ndefu, kikaliwe, kisiachiwe upepo karibu na gurudumu na mnyororo.

Vikwembe, yaani vitenge, ni habari nyingine kabisa, na ndipo sheria ya "kisichovaliwa kwa mwezi kitoke" inapokosa akili. Kikwembe cha sare ya arusi ya binamu hakivaliwi kila mwezi, na hakuna mama atakayekitoa kwa sababu hiyo. Mimi nachambua hivi: ambavyo havijashonwa vinabaki vyote, vilivyoshonwa vinapunguzwa. Piesi ya yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, ni vikwembe vitatu vya yadi 2, na ikiwa haijakatwa ni akiba. Inaweza kuwa zawadi katika avenu (mtaa) mpya, inaweza kungoja mwili ubadilike. Iliyoshonwa imefunga mjadala. Lile libaya la mikono mikubwa ya zamani halitarudi, ila likifumuliwa mgongo unatoa foronya, na sketi inatoa gauni la mtoto. Fumua, usikate kando ya mshono, maana sentimita mbili zilizofichwa ndani ndizo zitakazohitajika.

Kabla fundi hajakata kikwembe kipya, kiloweke usiku mzima na ukianike. Kina wanga wa kiwandani na kitasinyaa kidogo. Kikishonwa kabla, nguo ya juu inasinyaa kwenye ufuaji wa kwanza na bitana ya ndani haisinyai, libaya linajikunja kwenye mishono yote na fundi analaumiwa bure. Chumvi ambayo watu huweka kwenye maji hayo haishiki rangi. Wax, yaani kitenge cha nta, ikiwa nzuri imeshashika kiwandani, na ile mbaya chumvi haiiokoi. Geuza kitambaa utazame: wax halisi ina rangi sawa pande zote mbili, ile ya bei ndogo imechapwa upande mmoja.

Kikwembe kimoja cha rangi nzito kikae juu ya sanduku tangu siku ya kwanza. Kilio cha jirani hakingoji umalize kupanga vitu, na avenu itakumbuka kama ulikuja na ulikujaje.

Hapo ndipo pagumu pasipo na fundi wala sabuni. Avenu mpya inamtazama mgeni, na mgeni anajua anatazamwa. Kuna anayetoa suti zote wiki ya kwanza, akipita kwa mwenye duka wa kona amevaa kama anakwenda kwa waziri. Kuna anayejificha ndani ya fulana kuukuu ili asiombwe mkopo. Wote wawili itabidi waendelee na mchezo huo, na sanduku litajazwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Naona ni afadhali kuvaa tangu mwanzo vile utakavyovaa mwezi wa sita. Nguo ya kanisa ibaki ya kanisa.

Mwezi ukiisha, orodha ya mapengo huwa fupi: bota, koti jepesi lisilopitisha maji, labda suruali mbili za kijivu. Mitumba inatosha. Birere au soko la Virunga, nenda asubuhi balo (robota la mitumba) inapofunguliwa kama unataka kuchagua, nenda alasiri kama unataka bei. Inua nguo dhidi ya mwanga utafute vitundu. Tazama kwapa, kola na mshono wa kati ya miguu. Vuta kiuno, na mpira ukilia kama karatasi, umekufa. Bei isikuvute kabla hujajua kitambaa. Omba uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti: pamba inawaka na kunuka karatasi, inaacha jivu laini, poliesta inajikunja na kuacha tone gumu jeusi, sufu inanuka nywele na kujizima. Koti la sufu halifai kwa nguo ya kila siku hapa, litakuchosha kwa kufua. Kwa suruali ya kiume ya kushonwa, chungulia mshono wa nyuma kiunoni: ikiwa kuna kitambaa cha akiba, fundi ataipanua, kama hakuna, iache hata ikiwa nzuri.

Wenye nyumba ya mbao wafunike sanduku kwa shuka, wainue juu ya mawe mawili, na waliache kiganja kimoja kutoka ukutani hewa ipite. Viatu vya ngozi vikiota ukungu, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, kausha kivulini.

Zilizotoka zifuliwe na kurudishiwa vifungo kabla ya kutolewa. Zipelekwe kwa ndugu, au kwa mama wa kanisa anayejua nani ana shida, kwa sababu jirani usiyemzoea akipewa nguo kuukuu wiki ya tano anaweza kuiona dharau. Fulana zilizotoboka zikatwe kabisa ziwe vitambaa vya kupangusia viatu. Na jinsi inayotupwa itolewe zipu kwanza, kama ni ya chuma na meno yake ni mazima: ndiyo itakayookoa ile jinsi ya pili.